Starlet iliyochemkia Kitonga

Gari liliingia uani likivutwa kwa kamba nyuma ya Canter ya vitunguu, saa mbili usiku. Mwenyewe alikuwa kwenye usukani, taulo shingoni, uso kama wa bondia aliyepoteza pambano kwa pointi. Ni mwalimu mstaafu, makazi yake Dar es Salaam, alikuwa anarudi nyumbani Iringa kuangalia shamba kabla mvua hazijaanza.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mwalimu. Pole na safari."

"Safari iliishia mlima Kitonga. Kutoka pale nimekuja kama mkokoteni."

Asubuhi yake mafundi wenzangu watatu walipita kuchungulia, kila mmoja akaacha jibu lake. Wa kwanza alisema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki, imekufa. Wa pili akasema rejeta imeziba. Wa tatu hakutaka hata kuinama: "Injini imekwisha hiyo, mwambie mzee anunue ya mtumba." Wawili wa mwanzo walikuwa na ukweli ndani yake, lakini hakuna aliyeuliza gari hilo lilikuwa linaishije kabla ya siku ile.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet EP82, ile ya miaka ya mwanzo ya tisini, injini 4E-FE: cc 1331, silinda nne, valvu 16, kamshafti mbili za kuzifungua. Bloki, mwili wenye silinda, ni ya chuma; hedi, inayoifunika juu, ni ya aluminiamu. Injini imelala kukingama, ubavu hadi ubavu wa gari, na tairi za mbele ndizo zinazovuta. Kwa sababu imelala hivyo, feni haiwezi kuzungushwa na krenki kama kwenye Hiace au Hilux za zamani. Ni ya umeme na inasubiri kuamriwa. Hilo la feni litarudi baadaye.

Maelezo ya mwalimu niliyachukua taratibu, kwa kikombe cha chai, maana mtu aliyetoka kuvutwa kilomita nyingi hukupa kwanza hasira, habari zinafuata. Walikuwa watu wanne ndani. Ruaha Mbuyuni walisimama kununua vitunguu, jua la mchana, wakaondoka. Kitonga wakanasa nyuma ya semitrela, gia ya kwanza na ya pili mwendo mzima. Mshale wa joto ukapanda, ukakaribia nyekundu. Halafu, anasema, "ukashuka wenyewe, nikamshukuru Mungu nikaendelea." Dakika chache baadaye injini ikaanza kutetemeka, nguvu ikaisha, moshi mweupe nyuma. Wakasimama pembeni, wakafungua boneti, na kijana mmoja mwenye nia njema akamimina dumu zima la maji ya baridi kwenye rejeta.

Mambo mawili katika maelezo hayo ndiyo yaliyoiua hedi. La kwanza ni ule mshale ulioshuka. Sensa ya geji hupima joto la maji yaliyoigusa. Maji yakiisha, inabaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati aluminiamu inaungua. Mwalimu aliendesha gari lisilo na maji akiamini limepoa. La pili ni dumu la maji ya baridi. Chuma na aluminiamu havitanuki kwa kiasi kimoja, na hedi iliyo moto kupindukia ikipigwa maji ghafla hujikunja. Yule kijana simlaumu, kila mtu barabarani angefanya hivyo. Kusubiri nusu saa kando ya mlima ule, malori yakikupita shati kwa shati, si jambo jepesi.

Nilijaza maji rejeta, nikaacha kifuniko wazi, nikawasha injini ikiwa baridi kabisa. Ikawaka kwa shida, inakohoa. Kabla hata bloki haijapata uvuguvugu, mapovu yakaanza kupanda mdomoni mwa rejeta, mfululizo, kama sufuria ya uji. Injini baridi haina sababu ya kutoa mapovu ya mvuke. Hayo ni gesi ya moto wa silinda inayopenya kwenye njia za maji. Nikazima.

Kisha geji ya kompresheni, ya kupima mbano wa hewa ndani ya silinda, plagi zote nje, mguu chini kwenye mafuta. Silinda ya 1: psi 152. Ya 2: 150. Ya 3: 95. Ya 4: 90. Hapa niseme kitu kwa wanaosoma wakiwa Dar au Tanga. Injini hii ikiwa na afya, usawa wa bahari, hukaa kwenye 180 na ushee. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu. Hewa ni nyepesi, na namba hushuka kwa kiasi cha asilimia 15. Nimeshaona fundi aliyehamia kutoka pwani akimfungulia mtu injini nzima kwa sababu ya 150, ambayo huku ni namba ya kukufanya ulale usingizi. Cha kuangalia ni tofauti baina ya silinda na silinda, na Toyota za rika hili haziruhusu tofauti izidi psi 14 hivi. Hapa tulikuwa na pengo la 60, tena kwenye silinda mbili zinazopakana. Zikianguka mbili jirani kwa pamoja, ukuta wa gasketi kati yao umekatika.

Bado ringi, zile pete za pistoni, zilikuwa na kesi ya kujibu. Nikamwaga kijiko cha oili ndani ya silinda ya 3, nikapima tena: 97. Kama ringi zingekuwa zimechoka, ile oili ingeziziba kwa muda na namba ingeruka juu. Haikuruka. Nikafanya hivyo kwa ya 4, hadithi ile ile. Kwa namba hizo nikamwambia mwalimu kwamba sifungui chini, kwenye pistoni. Yule mwenzangu wa tatu hakufurahi, alishampigia simu mtu mwenye injini.

Oili kwenye dipstiki haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Ila ilinuka petroli. Nilinusa mara mbili, nikampa dogo anayejifunza ufundi kwangu naye anuse. "Petroli, bosi." Gasketi iliyokatika haileti petroli kwenye oili. Nikaiweka harufu hiyo pembeni, kichwani.

Wakati dogo anafungua hozi ili tutoe maji yaliyobaki, yenye rangi ya kutu, nilifungua mfuniko wa nyumba ya themostati, kile kifaa kinachoyaongoza maji kwenda rejeta. Ndani hamna kitu. Hata mpira wa themostati haukuwepo; mfuniko ulikuwa umebandikwa kwa silikoni.

"Mwalimu, nani alitoa themostati?"

Akafikiri. Kumbe kama mwaka na nusu nyuma gari lilichemsha kidogo kwenye foleni ya Dar, fundi mmoja akalitoa hilo dude akamwonyesha: "Mzee, hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi, inazuia maji tu." Tangu hapo gari halikuchemsha tena kwenye foleni, mshale ukawa unalala chini kabisa, na mwalimu akamhesabu yule kuwa fundi hodari.

Maneno ya "nchi za baridi" nimeyasikia tangu nikiwa naosha vyuma kwa bosi wangu, na yana mantiki ya juu juu: kizuizi kikitolewa, maji yanapita kwa wingi, injini inapoa. Ila ukikishika chenyewe mkononi unaona kimepigwa sahani mbili. Ya juu ndiyo kila mtu anayoijua, hufungua njia ya kwenda rejeta maji yakifika digrii 82 hivi. Ya chini ni ndogo, imekaa kwenye spring, na wengi hudhani ni ya kushikilia tu. Kazi yake ni kuziba njia ya mkato. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka ndani kwa ndani kupitia mkato huo bila kufika rejeta, ili ipate moto haraka. Ikipata moto, nta iliyomo ndani ya kile kikopo cha shaba huyeyuka na kutanuka, inasukuma: sahani ya juu inafunguka, na papo hapo ya chini inashuka kuufunga mkato. Maji yote sasa hayana pa kwenda ila rejeta.

Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi maisha. Maji nayo ni kama bodaboda, yatapita pafupi. Mkato ni bomba fupi na pana. Rejeta ni vijinjia vyembamba kama mrija wa soda, na hivi vya mwalimu vilikuwa vimeshapakwa kutu. Kwenye foleni au barabara tambarare, kiasi kinachopita rejeta kinatosha, tena kinazidi, injini inabaki ya baridi. Ukiipeleka Kitonga na watu wanne na magunia mawili ya vitunguu, gia ya kwanza, upepo hakuna, sehemu kubwa ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa.

Ndipo ile harufu ya petroli ikapata mwenyewe. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, ina sensa yake ya joto, tofauti na ile ya geji. Ikiambiwa siku zote kwamba injini ni baridi, inaongeza petroli, kama ilivyo kila asubuhi unapowasha. Ziada inaosha kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Nikamuuliza mwalimu kuhusu mafuta, na kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu alikuwa na daftari: lita moja ilikuwa inampeleka kilomita tisa. Starlet! Alikuwa ameshabadilisha plagi, akasafisha nozeli, akanunua na chupa ya dawa ya kumimina kwenye tangi. Malalamiko mawili yanayoonekana kupingana, gari linalokunywa kama la baridi na kuchemka kama la moto, yalikuwa yanatoka kwenye tundu moja tupu.

Na feni? Soketi ya swichi yake ilikuwa inaning'inia, imechomolewa. Kwenye Toyota hizi swichi ya feni imetengenezwa kinyume: waya ukikatika au ukichomoka, feni inawaka yenyewe na kubaki imewaka, ili hitilafu isikuunguzie injini. Aliyechomoa alikuwa anaijua siri hiyo. Basi feni ilizunguka kutoka Mbezi hadi Kitonga bila kupumzika, ikipuliza rejeta ambayo maji mengi hayakuifikia.

Kufungua hedi sitakueleza yote. Kwenye hizi zinazovuta mbele, upande wa mkanda wa taimingi umebanana na ubavu wa bodi, kwa hiyo unaweka jeki chini ya sampu na kipande cha ubao, unatoa maunti ya kulia, unaishusha na kuipandisha injini kidogo kidogo hadi spana ipate pa kuzunguka. Alama za taimingi tulizipaka Tipex. Sehemu moja tu nasimama: mkanda unazungusha kamshafti moja, na hiyo inamzungusha mwenzake kwa gia. Moja ya gia hizo ni pacha, vipande viwili vinavyovutana kwa spring ili zisilie. Kabla ya kulegeza chochote, ingiza bolti ya milimita 6 kwenye tundu lake uzifunge pamoja. Ukisahau, spring inafyatuka, na kama uliondoa vishikio bila mpangilio kamshafti yenyewe inaweza kukatika. Bolti za hedi zililegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, kila moja kidogo kidogo.

Hedi ilipoinuka, dogo alipiga mluzi. Pistoni ya 1 na ya 2 zilikuwa nyeusi kwa masizi ya kawaida. Ya 3 iling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga na majivu. Maji yaliyokuwa yanapenya yalikuwa yanaipiga mvuke kila mzunguko. Kati ya 3 na 4 ule utepe wa gasketi haukuwepo, na tawi la kuungua lilikuwa limekimbilia kwenye tundu la maji.

Rula ya chuma juu ya hedi, fila geji, visahani vya kupima mwanya, chini yake: milimita 0.12 katikati. Kikomo ni 0.05. Bloki ilisoma 0.03, ikapona. Kuta za silinda bado zilikuwa na ile mikwaruzo ya kiwandani inayokatana. Kabla ya kuipeleka hedi kuplaniwa, yaani kunyooshwa uso kwa mashine, nilitafuta ufa kwa njia ya kizee: unaipaka mafuta ya taa sehemu ya kati ya valvu, unaacha kidogo, unafuta ikauke, unanyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Mwalimu ndiye aliyeniletea chaki, ya mfukoni mwa koti. Tulingoja tukiwa tumeinama watatu juu ya meza. Haikuchora kitu.

Kabla ya kuplana nilizungusha kamshafti kwa vidole zikiwa zimefungwa mahali pake. Hilo wengi hawalifanyi. Hedi ikipinda chini, na njia ya kamshafti juu inaweza kuwa imepinda. Ukiplana chini tu unapata uso ulionyooka na kamshafti inayokaba. Zilizunguka laini. Mashineni nikawaambia waondoe kiasi cha kunyoosha tu, kisha nikabadilisha sili za valvu zote 16, kwa kuwa mpira uliopikwa namna ile hauaminiki.

Spea ziliagizwa Gerezani, Kariakoo, zikaja kwa basi la usiku: gasketi ya hedi, themostati na mpira wake, mkanda wa taimingi, wota pampu, kifuniko cha rejeta cha mgandamizo 0.9, na kulanti nyekundu, yale maji ya dawa ya rejeta. Kifuniko hicho watu hukidharau. Iringa maji yasiyobanwa huchemka karibu na digrii 95. Kifuniko kizima kinabana hadi yavumilie karibu 116. Cha mwalimu kilikuwa kimekatika mpira, hakibani kitu.

Themostati mpya sikuifunga moja kwa moja. Niliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, juu ya jiko la mkaa la mama anayetuuzia chai, kipimajoto pembeni, mwalimu akiwa kwenye benchi na miwani yake. Kwenye 80, kimya. Kwenye 83 sahani ya juu ikaachia mwanya wa ukucha. Tukaendelea kuchochea. Maji yalipokaribia kuchemka ilikuwa imefunguka wazi, na sahani ya chini imeshuka karibu sentimita nzima. Mwalimu aliinama hadi miwani ikaingia ukungu.

"Kwa hiyo hiki cha chini ndicho kilichonifikisha kwenye kamba?"

"Kukosekana kwake, mwalimu."

"Na yule alikitupa mbele ya macho yangu, na elfu kumi nikampa."

Kufunga kulichukua siku moja na nusu. Mashimo ya bolti kwenye bloki yalipulizwa hadi yakauke kabisa, kwa sababu maji au oili ikibaki chini, bolti inapoingia haina pa kuisukuma na bloki inaweza kupasuka. Bolti zikakazwa kutoka katikati kwenda nje kwa spana ya torki, halafu kila moja robo zamu ya ziada. Themostati ikaingia kitundu chake chenye kijipini kikitazama juu, ndipo hewa ipate pa kutokea. Rejeta ilioshwa kinyumenyume hadi maji yakatoka meupe. Soketi ya feni ikarudi mahali pake. Kulanti tulijaza gari likiwa limeegeshwa pua juu ya kimlima, hita imefunguliwa, hadi mapovu ya mwisho yakatoka.

Gharama yote, na ufundi ndani, haikufika theluthi ya ile injini ya mtumba.

Lakini si kila kitu kiliisha vizuri. Nilimwambia mwalimu kabla hajaondoka: mwaka na nusu wa petroli kuosha kuta za silinda, halafu joto lile la Kitonga, ringi hazitoki humo zikiwa kama zamani, hata kama kipimo changu cha oili kiliziondolea kesi. Angalia dipstiki kila ukijaza tangi. Alinipigia baada ya miezi miwili. Lita moja sasa inampeleka kilomita kumi na nne. Mshale unapanda hadi karibu na katikati na kukaa, jambo lililomtisha wiki ya kwanza, maana alizoea ulale chini. Ila oili inapungua, kama nusu lita kwa kila kilomita elfu moja, na asubuhi anaona moshi kidogo wa bluu.

Nimemwambia atembelee hivyo hivyo, abebe galoni ndogo ya oili kwenye buti. Ikifika lita nzima kwa elfu, ailete tuishushe injini tuangalie ringi. Akaniuliza kama nitakuwepo mwezi wa sita, anataka kuja kuvuna, na safari hii amepanga kupanda Kitonga alfajiri.